Kumshusha mgeni pangoni bila kuliumiza pango

Natembeza wageni kusini mwa Unguja, Jambiani hadi Makunduchi. Vijana wanaoingia kazi hii huniuliza waanze na lugha gani. Mimi nawaanzisha na jiwe.

Maweni yetu ni matumbawe ya kale, yaliyojengeka bahari ilipokuwa juu kuliko leo, miaka kama 125,000 iliyopita. Jiwe lenyewe lina matundu kama mkate wa kumimina. Mvua ikinyesha inazama papo hapo na kulila jiwe taratibu hadi pango linapatikana, na yale maji matamu yanakaa juu ya maji ya chumvi. Maji anayoyatazama mgeni chini ya pango ni ndugu wa maji ya kisima cha mama yako. Mweleze hivyo, utapunguza makatazo mengi.

Yaseme yote juu, kivulini, kabla hamjashuka. Wakishafika chini wanashangaa tu, hawakusikii. Kama pango lenu linaruhusu kuoga, aliyejipaka mafuta ya jua au dawa ya mbu ajisuuze kwanza, na maji ya kujisuuza yasimwagwe mdomoni mwa pango. (Nimeona bafu limejengwa hapo hapo mdomoni!) Shusha wachache, wengine wasubiri na madafu yao.

Mawe yanayoning'inia darini yasiguswe. Hukua kwa matone ya chokaa, kwa kawaida hata milimita moja kwa mwaka hayafiki, na mafuta ya kiganja hulizuia tone lisishike. Tumia tochi; mwenge na kibatari huacha masizi na kufukuza popo. Ukikuta ubani na vitambaa, hapo pana wenyewe: hakuna picha mpaka wazee waseme.

Mgeni anataka hadithi, basi mpe ya kweli. Katika Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mifupa ya punda milia. Alifikaje kisiwani? Kwa miguu! Enzi za barafu bahari ilishuka zaidi ya mita 100, na mkondo baina yetu na bara ulikuwa nchi kavu. Pemba ni habari nyingine, mkondo wake una kina kirefu mno. Hadithi hii inauzika kuliko kipande cha jiwe, kwa hiyo usikubali mtu avunje cha ukumbusho, hata akikuongezea pesa.

Kazi ngumu iko nje ya pango. Shimo la choo la nyumba ya wageni likichimbwa kwenye maweni bila kuzibwa vizuri, uchafu unashuka upesi kuelekea kwenye maji. Ukipata nafasi nenda kisiwa cha Chumbe: mabanda saba tu ya wageni, maji ya mvua yanakingwa paani, vyoo ni vya mboji. Kisha kaa na sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa) na mwenye nyumba, uliza mashimo yake yako wapi na gari la kunyonya linakuja lini. Akikwepa jibu, wageni wake usiwachukue.