Kumpata Mhusika wa Katuni Aliye Wako, na Kuendelea Kumchora

Wengi wanaoanza kuchora katuni huketi mbele ya karatasi tupu wakisubiri mhusika awajie kichwani, na anayekuja huwa ni yule waliyekwisha kumwona kwenye runinga, amebadilishwa nywele tu. Njia ninayoiamini kuliko zote ni kumtafuta mhusika huyo nje, miongoni mwa watu unaopishana nao kila siku.

Tumchukue konda wa daladala. Kabla hujagusa penseli, mtazame vizuri: mkono mmoja umeshika mlango, bega limepanda hadi karibu na sikio, na mkono wa pili una noti zilizokunjwa kwa urefu na kubanwa katikati ya vidole, pamoja na sarafu anazozichezesha ili abiria wajue kwamba nauli inatakiwa. Hapo una mambo mengi ya kuchora, lakini chagua moja tu la kutia chumvi. Ukichagua bega, lipandishe mpaka lilifunike sikio kabisa, kisha viungo vingine uviache vidogo na vya kawaida, kwa sababu kila kitu kikikuzwa kwa pamoja, jicho la msomaji halina pa kutua.

Mjenge kwa maumbo mepesi, kwa penseli laini kama 2B na kwa mkono usiokandamiza. Duara huleta upole, mraba huleta uzito na ukaidi, na pembetatu huleta wepesi na ujanja. Konda wetu anafaa kuwa pembetatu iliyosimama kwa ncha, yaani mabega mapana juu ya miguu myembamba. Mtu mzima ana urefu wa vichwa 7 hivi, yaani mara 7 hivi ya urefu wa kichwa chake, lakini katuni ukimpa vichwa 3 au 4, uso hupata nafasi ya kutosha kuonyesha hasira, hofu na furaha.

Sasa mpake wote weusi, bila macho wala mdomo. Ikiwa bado anatambulika kwa umbo lake tu, umempata. Ikiwa anaweza kuwa mtu yeyote, rudi kwenye bega. Mickey Mouse, aliyeanza kuonekana kwenye sinema mwaka 1928, hutambulika kwa masikio mawili ya duara ambayo kwa kawaida hubaki duara hata anapogeuza uso.

Baada ya hapo mchore kwa mbele, kwa ubavu na kwa nyuma kwenye karatasi moja, ukivuta mistari hafifu ya mlalo kwenye macho, mabega, kiuno na magoti, ili asirefuke wala kufupika kila anapogeuka.

Kazi ngumu zaidi ni kuendelea. Baada ya wiki chache wengi hukata tamaa, na ninaamini sababu kubwa ni kwamba jicho hujifunza mapema kuliko mkono: unaona makosa ambayo mwanzoni hukuyaona, ukadhani umerudi nyuma, kumbe ndiyo kwanza umeanza kuona. Kwa hiyo usichane ukurasa wowote. Andika tarehe na ugeuze. Dakika 20 za kila siku zinafaa zaidi kuliko Jumamosi moja nzima kwa mwezi.

Na usijiulize kila siku uchore nini, bali jiulize konda wako leo amepatwa na nini. Abiria anadai chenji, mvua imemkuta mlangoni, mwanafunzi ameng'ang'ania kiti. Edward Gitau wa Kenya alimchora Juha Kalulu kwa miongo mingi katika magazeti ya Kiswahili, na mhusika anayeweza kuingia kwenye mkasa mpya kila mara ndiye anayemrudisha mchoraji mezani.

Mikono itakusumbua. Usiifiche mifukoni, chora mkono wako mwenyewe usiotumia kuandikia, ukiwa umeshika noti iliyokunjwa. Kunakili kazi za wengine kwa ajili ya kujifunza ni jambo jema, ila andika pembeni jina la mwenye kazi.

Daftari la kwanza linapokaribia kwisha, mchore konda yuleyule kwenye ukurasa wa mwisho bila kutazama wa kwanza, kisha ziweke picha hizo mbili pamoja na uyatazame mabega.