Kununua gari la Kenya ukiwa Mwanza: piga hesabu ya kodi kwanza

Gari lenye namba za Kenya linaweza kuonekana rahisi hadi lifike Sirari, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Kodi aliyolipa mwenye gari nchini Kenya haikuondolei kodi ya Tanzania.

Kabla ya kutoa hata shilingi ya malipo ya awali, ingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Weka aina, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini. TRA hutumia thamani iliyo kwenye mfumo wake, kwa hiyo risiti yenye bei ndogo haitakusaidia.

Kodi hupandana. Tuseme thamani ni milioni 10, injini ni cc 1,500 na gari lina miaka 12. Ushuru wa forodha wa 25% ni milioni 2.5. Juu ya milioni 12.5 unakuja ushuru wa bidhaa wa 5%, yaani 625,000, kisha tozo ya uchakavu (umri wa gari) ya 30% ya hizo milioni 12.5, yaani 3,750,000. Jumla hiyo, 16,875,000, ndiyo inayotozwa VAT ya 18%: 3,037,500. Kodi zote zimefikia 9,912,500, bado tozo ya reli na ada ya forodha. Hiyo 30% ndiyo inayoumiza. Gari ambalo halijafikisha miaka minane halina tozo hiyo kabisa.

Tumia wakala wa forodha mwenye leseni, na ulipe kwa namba ya malipo ya serikali tu. Usikubali gari lililoingia kwa kibali cha muda: kibali hicho hakiruhusu kuuza, na likikamatwa Mwanza anayebaki bila gari ni wewe.