Kushona kano ya kidole mgonjwa akiwa macho: uchague ganzi ipi?

Panga limepita kiganjani, kidole cha shahada hakikunjiki. Mgonjwa halazwi usingizi. Una njia tatu.

Ya kwanza ni ganzi ya mshipani aliyoianzisha August Bier, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, mwaka 1908: unabana mkono kwa mkanda, unaingiza lignokaini (dawa ya ganzi) ya asilimia 0.5. Inashika upesi, ila mkanda huanza kuuma baada ya nusu saa hivi, na usifunguliwe kabla ya dakika 20. Bupivakaini, dawa nyingine ya ganzi, humo ni mwiko, imeshaua watu.

Ya pili, ganzi ya neva za kwapani. Inadumu saa nyingi, lakini mkono wote hulala.

Kwa kano mimi nachagua ya tatu, ya Donald Lalonde, daktari wa upasuaji wa Kanada: ganzi ya papo hapo, bila mkanda.

1. Changanya mililita 10 za lignokaini ya asilimia 1 yenye adrenalini ya kubana mishipa ya damu (1 kwa 100,000) na mililita 1 ya sodiamu bikaboneti ya asilimia 8.4. Bikaboneti hupunguza maumivu ya dawa inapoingia.

2. Sindano nyembamba, geji 27 au 30. Sukuma polepole, dawa itangulie ncha.

3. Subiri nusu saa. Hapa ndipo wengi tunaharibu kwa haraka. Ngozi ikishapauka, damu itakuwa kidogo.

4. Shona, kisha mwambie: “Mama, kunja kidole. Nyoosha.” Ncha zikiachana, ongeza uzi sasa hivi, kabla hujafunga ngozi. Njia mbili za mwanzo hazikupi nafasi hiyo, kwa kuwa misuli nayo hulala.

Maswali ya wanachama

*Daktari, si tulifundishwa adrenalini huua kidole?*
Hofu hiyo ni ya enzi za prokaini, dawa ya ganzi ya zamani, ambayo ikikaa sana hugeuka tindikali kali. Hata hivyo weka fentolamini, dawa ya kuondoa nguvu ya adrenalini, karibu, na kidole kisichopata damu vizuri usikichome adrenalini.

*Mtu wa kilo 60, mwisho kiasi gani?*
Miligramu 7 kwa kilo, yaani 420: mililita 42 za asilimia 1. Kano moja haihitaji zote.

*Mgonjwa wangu anaogopa damu.*
Weka pazia, muuguzi akae kichwani pake wazungumze. Wakati wa kukunja, muulize kama yuko tayari kutazama. Akikiona kidole chake kinakunjika, mazoezi ya wiki zijazo hutahitaji kumbembeleza sana.