Kabla hujampelekea dokta mguu unaouma

Ukifika kwa dokta ukasema tu "mguu unaniuma" umemwachia kazi kubwa, maana kuanzia kwenye kifundo kushuka chini kuna mifupa 26, maungio 33, na misuli na kano kibao, afu karibu kila sehemu ina ugonjwa wake unaopenda kukaa hapo. Kwa hiyo kabla hata hujatoka nyumbani kaa chini, vua soksi, bonyeza bonyeza mpaka upate pale panapouma kuliko pote. Kwa kidole kimoja, sio kiganja kizima. Weka alama kwa peni ukitaka, hakuna atakayekucheka.

Sasa sikia kwanini. Chini ya unyayo kuna utando mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino mpaka kwenye shina la vidole, ndo unaosaidia ule upinde wa unyayo usilale chini. Ukichoka huo, maumivu yanakaa chini ya kisigino, zaidi kwa upande wa ndani, na yana tabia yake: asubuhi ukishuka kitandani hatua za kwanza unachechemea, ukizungukazunguka yanalegea, ukikaa kwenye kiti muda mrefu afu ukainuka yanarudi palepale. Ndo maana sio wapi tu, na lini pia, kwa hiyo andika kwenye simu kwa siku kadhaa yanaanza saa ngapi na yanazidi ukifanya nini. Na wakikupiga eksirei wakakuambia kuna kamfupa kamechomoza kwenye kisigino usipaniki, wapo wengi wanako na hawajawahi kuumwa.

Kama ni nyuma, pale kwenye kano nene inayoshuka kutoka kwenye kigimbi, hiyo ni habari nyingine. Na kama ulisikia "pa!" kama vile mtu kakupiga teke na sasa hivi huwezi kusimamia vidole, usisubiri miadi ya wiki ijayo, nenda leo, kano inaweza kuwa imekatika.

Shina la dole gumba ndo penye utata. Kuna kinundu kinachoota taratibu kwa miaka huku dole linawalalia wenzake, na kuna gauti, ambayo inakuja ghafla, mara nyingi usiku, panakuwa pekundu, pamoto, hata shuka likigusa unapiga kelele. Shida ya gauti inaweza kutulia yenyewe, unafika hospitali mguu mzuri kabisa unaonekana muongo, kwa hiyo piga picha wakati umevimba. Hapo hapo piga picha na dawa zako zote, maana baadhi ya dawa za presha, zile za kukojosha, zinapandisha asidi ya yuriki ambayo ndo chanzo cha gauti, na antibiotiki kama ciprofloxacin inajulikana kwa kuumiza kano, hasa hiyo ya nyuma ya kisigino. Ila usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako, wewe mwonyeshe tu.

Ukihisi una kokoto chini ya kidole cha tatu na cha nne na ukivua kiatu hamna kokoto, taja hivyo hivyo, huwa ni neva imevimba pale kati. Na kama umeongeza mbio au matembezi ghafla afu panauma kijisehemu kimoja tu juu ya unyayo, liseme hilo la kuongeza mbio hata usipoulizwa, kwa sababu mfupa unaweza kuwa na ufa ambao eksirei ya wiki za mwanzo haionyeshi.

Viatu beba vile vya kila siku vilivyolika soli, sio vile vya kutokea. Futa rangi ya kucha. Ukucha uliozama kwenye nyama usiuchokonoe usiku wa kuamkia miadi, na kama kuna fangasi katikati ya vidole uliza kwanza kama uendelee na krimu, maana wakitaka kukwangua sampuli krimu inaweza kuharibu majibu.

Wenye kisukari kwenu hakuna kusubiri miadi. Kidonda kisichouma ndo cha kuogopa, maana neva zikifa ganzi huwezi kujua umekanyaga nini, kwa hiyo usitumbue lengelenge, usikate sugu kwa wembe, nenda siku hiyohiyo. Watakugusa unyayo na kiuzi cha nailoni umefumba macho, pale usiposikia kitu sema sijasikia, usibahatishe ili ufaulu.

Waliotegua kifundo, kumbukeni kama mliweza kutembea hatua 4 palepale baada ya kuumia, hata kwa kuchechemea. Hilo mtaulizwa kabla hawajaamua eksirei.