Namna ya Kuamsha Ubunifu wa Kuchezacheza katika Mambo ya Kila Siku

Wengi hudhani kwamba ubunifu huhitaji vifaa maalumu na muda mrefu, ilhali kinachouzuia mara nyingi ni mazoea: tunajua kila kitu kilichotuzunguka kina kazi gani, na kwa sababu hiyo tumeacha kukitazama. Mwanasaikolojia Mjerumani Karl Duncker alilionyesha jambo hili kwa jaribio ambalo maelezo yake yalichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1945. Watu walipewa mishumaa midogo, pini na viboksi, wakatakiwa kuisimamisha mishumaa hiyo mlangoni. Jibu lilikuwa kuvibana viboksi kwa pini ili viwe vibao vya kuwekea mishumaa. Waliopewa viboksi vitupu walilipata kwa urahisi zaidi kuliko waliopewa viboksi vyenye vitu ndani, kwa maana kiboksi kilichojaa huonekana kuwa chombo cha kuhifadhia tu.

Anza, basi, kwa kukivua kitu kazi yake. Chukua mwavuli uliovunjika na uueleze kwa maandishi bila kutaja jina lake wala matumizi yake: vijiti vyembamba vya chuma vinavyokunjika, kitambaa kisichopitisha maji, kishikio kilichopinda. Kisha jiulize kila sehemu inaweza kufanya nini peke yake. Andika majibu yote bila kuyahukumu, wala usisimame mapema, kwa sababu majibu ya mwanzo ni yale ambayo karibu kila mtu angeyatoa, na yale ya ajabu huja baada ya hayo mepesi kwisha. Mwaka 1942 Pablo Picasso aliunganisha kiti na usukani wa baiskeli akapata kichwa cha fahali. Hakuongeza kitu kingine, alibadili tu namna ya kuvitazama.

Njia ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye utamu zaidi, ni kujiwekea sharti. Kundi la waandishi na wanahisabati lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1960, liitwalo Oulipo, lilifanya masharti kuwa chemchemi ya uandishi, na mmoja wao, Georges Perec, alichapisha mwaka 1969 riwaya nzima isiyo na herufi e. Kwa Kiswahili, jaribu kumwandikia rafiki ujumbe usio na herufi a. Mara moja utanyang'anywa “na”, “wa”, “ya” na “kwa”, utapoteza wakati uliopo na wakati ujao, na vitenzi vingi vitakukimbia kwa kuwa huishia na irabu hiyo. Lakini milango mingine itafunguka: hali ya “-me-” ingalipo, vitenzi kama “rudi”, “fikiri” na “jibu” vinakubalika, na maombi ya aina ya “uje” na “tule” yanapita bila shida. Ndipo utajikuta umeandika “Njoo jioni, mwenzio nimerudi”, sentensi ambayo usingeiwaza kama ungekuwa huru kusema lolote. Sharti huifunga njia uliyozoea kupita, na akili hulazimika kutafuta nyingine.

Sharti si lazima liwe la maneno. Unaweza kutembea ukitafuta rangi moja tu, au kuchora kwa mkono usiouzoea.

Ukiwa na wenzako, kunjeni karatasi ili kila mmoja achore sehemu ya kiumbe bila kuona iliyochorwa kabla yake, mchezo ambao wasanii wa Paris waliucheza tangu mwaka 1925.

Naomba jambo moja lizingatiwe kwa dhati: usiupime mchezo huu kwa faida itakayopatikana, kwani mtu anayeuliza mapema kitu kitamsaidia nini hurudi palepale kwenye majibu ya mwanzo. Tenga dakika chache, maliza ulichoanza hata kikiwa kibovu, na sharti likishakuwa jepesi, chagua herufi nyingine.