Bili ukiwa Slovakia: účet, faktúra na ndugu zao

Neno la Kiingereza "bill" tulishalimeza zamani likawa bili, na tunalitumia mchana kutwa: bili ya maji, bili ya umeme, bili ya hospitali, "dada, niletee bili". Ukitua Bratislava au Košice ukalitafuta kwenye kamusi ya simu, utamwagiwa maneno ya Kislovakia bila kuambiwa lipi ni la wapi. Yanayoweza kukutoa pesa ukiyachanganya ni mawili: účet na faktúra.

Mgahawani ni účet. Ukishakula, mwambie mhudumu "Zaplatím, prosím", nataka kulipa, au "Účet, prosím". Atakuuliza "Spolu alebo zvlášť?", mnalipa pamoja au kila mtu kivyake. Hapo usiitikie kwa kichwa tu kwa heshima, la sivyo utalipia meza nzima. Halafu "Kartou alebo v hotovosti?", kwa kadi au taslimu. Karatasi utakayopewa mkononi huitwa bloček, yaani risiti. Kama umenunua simu au jiko, itunze. Siku kitu kikiharibika na ukaenda dukani kwa reklamácia, yaani kulalamikia bidhaa mbovu, ndiyo watakayokuuliza kwanza.

Sasa, účet hilohilo ni akaunti ya benki pia. Fomu ikiandika "číslo účtu" haitaki namba ya bili yako, inataka IBAN: inaanza na SK, na kwa jumla ina herufi na tarakimu 24.

Faktúra ni ankara, ile inayokuja kwa posta au barua pepe kutoka kampuni ya umeme, gesi au intaneti. Kwa hiyo hakikisha jina lako limeandikwa kwenye sanduku la barua pale mlangoni mwa jengo. Ukiipata, usihangaike na kurasa zote. Tafuta "suma na úhradu", kiasi cha kulipa, na "dátum splatnosti", siku ya mwisho. Wao huandika senti baada ya mkato, si nukta: 64,20 € ni euro sitini na nne na senti ishirini. Tarehe huanza na siku, kama kwetu.

Kisha kuna kitu kinachowasumbua wengi: variabilný symbol, kwa kifupi VS, namba isiyozidi tarakimu 10. Kama umewahi kulipa bili kwa M-Pesa unaifahamu tayari. Namba ya kampuni hufikisha fedha, na namba ya akaunti, au kumbukumbu namba kama wasemavyo Tanzania, ndiyo inayoonyesha fedha ni za nani. VS ndiyo hiyo. Ukiiacha, pesa zitafika lakini zitaelea bila mwenyewe, na wewe utaletewa upomienka, barua ya kukukumbusha deni. Faktúra ikiwa na msimbo wa QR, uskani kwa programu ya benki yako. Mara nyingi kiasi, IBAN na VS hujijaza vyenyewe.

Kwa nyumba mambo yana mzunguko wake. Kila mwezi unalipa zálohy, makadirio ya kiasi kilekile, na hesabu kamili, vyúčtovanie, huja mara moja kwa mwaka. Msimamizi wa jengo la fleti anatakiwa kuitoa hadi 31 Mei kwa mwaka uliopita. Humo tafuta neno moja kati ya mawili: preplatok, umelipa zaidi na unarudishiwa, au nedoplatok, bado unadaiwa. Mpangaji hapati karatasi hiyo moja kwa moja, inakwenda kwa mwenye nyumba, kwa hiyo omba nakala kabla hujakubali kukatwa chochote kwenye amana yako. Na unapotafuta nyumba, tangazo likisema "vrátane energií", umeme na maji vimo ndani ya kodi. Likisema "+ energie", havimo. Mimi nisingesaini mkataba kabla sijaona kiasi hicho kimeandikwa kwa tarakimu.

Hospitalini, mwenye bima hulipiwa na bima sehemu kubwa ya matibabu. Asiye nayo huitwa samoplatca, mtu anayejilipia, naye hupewa faktúra yake. Uliza bei kabla ya kulala kitandani.

"Bill" ya Kiingereza ina maana nyingine pia, na kamusi itakupa zote. Bankovka ni noti: yule muuzaji anayekuuliza "Nemáte drobné?" anataka chenji ndogo kwa sababu umenunua mkate kwake kwa noti ya 50. Zobák ni mdomo wa ndege, kamusi ikikupa hilo achana nalo.

Limebaki la redioni. Mswada wa sheria, ambao kwa Kiingereza nao ni "bill", ni návrh zákona, nao hupita masomo matatu katika bunge lao, Národná rada, lenye wabunge 150. Kila mswada unaogusa sheria ya ukaaji wa wageni ukitajwa, makundi yetu ya WhatsApp huwaka moto kana kwamba mambo yamebadilika tayari. Neno návrh likiwapo bado ni pendekezo. Ikishapita inakuwa zákon, na cha kuangalia ni "účinnosť od", tarehe itakapoanza kutumika. Hiyo ndiyo ya kwenda nayo kuuliza kwa cudzinecká polícia, polisi wa wageni.