Kusoma Lebo ya Chakula kwa Ajili ya Mtoto Mwenye Mzio

Katika kazi yangu ya ushauri wa lishe huwaomba wazazi waje na pakiti tupu za vyakula wanavyonunua, kisha tunazisoma pamoja. Karibu kila mara jicho hukimbilia mbele, penye picha na maneno makubwa, kwa hiyo somo huanza kwa kuigeuza pakiti.

Hatua ya kwanza ni kuandika visababishi vya mzio alivyovithibitisha daktari, na chini ya kila kimoja majina yake mengine. Maziwa hujitokeza kama kaseini, kaseinati au wei. Mayai kama albumini. Ufuta kama tahini. Angalia pia bidhaa imetengenezwa kwa ajili ya soko lipi, kwa sababu Umoja wa Ulaya hulazimisha visababishi 14 vitajwe waziwazi, ilhali Marekani ina 9 tu, na ufuta uliingia humo mwaka 2023. Haradali imo katika orodha ya Ulaya, lakini haimo katika ile ya Marekani.

Hatua ya pili, soma viambato vyote hadi cha mwisho. Kwa kawaida hupangwa kwa uzito, hivyo kilicho kidogo hukaa mkiani, na kwa mtoto mwenye mzio mkali hicho kidogo chatosha kumdhuru. Unga wa kuweupisha kahawa unaweza kuandikwa mbele kwamba hauna maziwa, nawe ukakuta nyuma, kwa herufi ndogo, sodiamu kaseinati, ambayo ni protini ya maziwa.

Hatua ya tatu ndiyo inayowachanganya wengi: maneno kama «huenda ikawa na chembechembe za karanga». Ulaya na Marekani tahadhari hii ni hiari ya mtengenezaji, kwa hiyo pakiti isiyo nayo inaweza kuwa imepitia mashine ileile iliyosaga karanga asubuhi. Wala usipime hatari kwa ukali wa maneno. «Imetengenezwa katika kiwanda kinachotumia karanga» si nafuu kuliko «huenda ikawa na karanga». Mimi hushauri bidhaa yenye tahadhari inayomhusu mtoto irudishwe rafuni, isipokuwa daktari wake ameelekeza vingine. Isiyo na tahadhari, mwandikie mtengenezaji na umuulize kama mashine zinatumika kwa bidhaa nyingine, na husafishwaje kati ya moja na nyingine.

Hatua ya nne, soma mara tatu: kabla ya kununua, unapohifadhi, na kabla ya kumpa mtoto. Mapishi ya kiwandani hubadilika huku pakiti ikibaki na sura ileile, na hata pakiti ndogo inaweza kutofautiana na kubwa ya jina hilohilo. Usimimine biskuti kwenye kopo ukatupa karatasi yake, maana yaya au bibi atakosa cha kusoma.

Mtoto aliyeandikiwa sindano ya adrenalini, yaani dawa ya dharura ya mzio mkali, awe nayo karibu kila anapokula, hata chakula ambacho umekisoma mwenyewe mara hizo zote tatu.